Madume Thelathini na Mmoja

Thekkumpadam, 9 Aprili 1988

Kwa Bwana A. Ittoop, Mtambuzi wa Wadudu, Kituo cha Mboga, Mannuthara

Bwana Mkubwa,

Sikuulizi hali, maana mwenye shida akianza na hali humaliza karatasi kabla hajafika kwenye shida. Mimi ni Appukuttan Nair, mkulima wa karela, yale matango machungu. Nililinda ghala la watu Coimbatore miaka ishirini na miwili, nikarudi nyumbani kulima kipande nilichorithi upande wa mama, na huu ni msimu wa pili karela zangu zinaoza zingali zinaning'inia kwenye kichanja. Kwa nje unaiona imenona, kijani, ya kujivunia. Ukiipasua unakuta funza wanarukaruka. Nimepuliza dawa mpaka mke wangu akakohoa wiki nzima, na nzi hata mmoja hakukohoa.

Bwana shamba wetu anasema dawa ni kazi bure mpaka mdudu ajulikane jina, na kwamba wewe ndiye unayewajua kwa majina. Nimekuwekea wanane ndani ya kiberiti. Naomba jina lao upesi, kwenye karatasi yenye muhuri. Nina sababu ya kutaka muhuri, ila hiyo ni habari ya huku kwetu.

Msimu wa tatu ukienda hivi, narudi kulinda magunia.

Wako,
Appukuttan Nair


Mannuthara, 18 Aprili 1988

Kaka Appukuttan,

Kwanza, mimi si Bwana. Hiyo A ni Aleyamma.

Kiberiti chako kimefika kimegongwa muhuri wa posta juu na chini, na watu wa posta yetu hawagongi kwa huruma. Ndani nimekuta miguu kumi na mmoja, bawa moja na unga. Nzi wanaotoboa matunda katika nchi hii ni wengi na wanafanana kama watoto wa baba mmoja. Mimi nawatenga kwa michirizi ya njano ya mgongoni na kwa madoa ya mabawa, na unga hauna mgongo wala mabawa. Sikuweza kufanya lolote.

Tuma wengine, wazima, wamelowekwa kwenye kileo ndani ya chupa yenye kizibo. Wasipungue ishirini. Ukinitumia wazima nitakujibu siku hiyohiyo.

Aleyamma Ittoop


Thekkumpadam, 27 Aprili 1988

Mwalimu Aleyamma,

Huku kwetu mwanamke mwenye kalamu na ofisi tunamwita Mwalimu, kwa hiyo usikatae.

Nimefanya ulivyosema. Chupa hii ina nzi ishirini na wanne na tembo la mnazi lililogemwa asubuhi ya leo, safi, halijatiwa maji. Mgema amenicheka mpaka akataka kudondoka, eti nawanywesha nzi wakati watu wana kiu. Mwache acheke. Ndugu zake wote wamecheka tangu nilipoweka nguzo za kwanza za kichanja, wakisema mlinzi wa ghala atalima nini.

Jambo moja ulijue kabla hujatazama. Upande wangu wa kusini kuna jirani mwenye mwembe mkubwa, mzee, unaozaa kupita kiasi. Maembe yanaanguka, yanaoza chini, na juu yake nzi wanavuma kutwa. Mimi sina shaka hata kidogo kwamba wanatoka huko wanaruka ukuta kuja kwangu. Nimemwambia jirani, jirani hasikii. Nataka wewe useme.

Appukuttan Nair


Mannuthara, 6 Mei 1988

Kaka Appukuttan,

Tembo. Ulitia tembo.

Kizibo kiliruka ndani ya gari la posta. Mfuko mzima wa barua umelowa, tarishi amekuja kunifokea mbele ya mkuu wangu wa kazi, na mkuu wangu ameuliza kama siku hizi kituo kinapokea wadudu au walevi. Nzi wako walikuwa wameshakuwa uji. Najua niliandika kileo. Nilidhani mtu mzima ataelewa nasema spiriti, ile ya zahanati wanayokupangusia kabla ya sindano, lakini kosa la maneno ni langu na nalikubali. Nimechoka tu, Kaka. Taa ya darubini yangu imeungua tangu Machi, barua tatu za kuomba taa nyingine zimekwenda bila majibu, nami nachungulia wadudu dirishani kwa mwanga wa jua kama bibi anayechambua mchele.

SPIRITI. Chupa ndogo. Kizibo cha kusokota. Na mimi sisemi jambo kwa sababu mtu anataka niseme. Nasema ninachokiona.

A. Ittoop


Thekkumpadam, 15 Mei 1988

Mwalimu,

Nimekusikia, na herufi zako kubwa nimezisikia pia. Hii ni chupa ya mafuta ya nywele ya mke wangu, imeoshwa kwa majivu mara tatu. Spiriti nimeipata kwa muuguzi baada ya kumpelekea karela chache ambazo hazijaoza. Nzi wamo thelathini na mmoja, kila mmoja na mabawa yake mawili. Nimewahesabu nikiwa nimevaa miwani.

Sasa naomba haraka ya kweli. Mbegu za karela za Onam, sikukuu yetu ya mavuno ya Agosti, lazima ziingie ardhini mwanzoni mwa Juni. Nisipojua adui kabla ya hapo nitakuwa napanda chakula cha funza. Na jirani wa kusini ameniambia waziwazi kwamba kelele zangu hazisikii, atasikia karatasi yenye muhuri peke yake. Amesema hivyo mbele ya watu na hawezi kulirudisha neno lake.

Appukuttan


Mannuthara, 24 Mei 1988

MATOKEO YA UTAMBUZI. Sampuli namba 117. Kutoka Thekkumpadam, zao la karela. Nzi thelathini na mmoja. Wote ni nzi wa embe: michirizi miwili ya njano mgongoni, mabawa meupe yenye ukingo mwembamba mweusi. Wote madume, hakuna jike hata mmoja.

Ushauri: okoteni maembe yote yaliyoanguka, kila siku, na kuyafukia kwa kina cha mkono hadi kiwiko.

Kaka, huu hapa muhuri wako. Safari hii umefanya kazi safi, hongera. Ningeandika zaidi, ila mezani kuna chupa nyingine mia na arobaini na jua linahama dirishani.

Aleyamma Ittoop


Thekkumpadam, 20 Juni 1988

Mwalimu wangu mpendwa,

Karatasi yako imefanya kazi iliyonishinda mimi miaka miwili. Niliisoma barazani kwa sauti, mstari kwa mstari, mpaka pale pa muhuri. Hakuna aliyebisha. Mwembe uko chini tangu Jumatatu iliyopita. Wamekuja watu wanne na msumeno wa kuvutana, imewachukua siku nzima, na shina lake lilikuwa pana kiasi kwamba mimi na mmoja wao hatukuweza kulikumbatia. Oppol alikaa ndani na dirisha la kusini amelifunga. Matawi nimeyapasua mwenyewe na kuyapanga vizuri chini ya ukingo wa paa lake, nikayafunika kwa makuti, ili asiseme nimemwachia uchafu.

Mbegu zimeota. Mvua ni nzuri. Kwa mara ya kwanza tangu nirudi nalala usingizi. Karela za kwanza nitakuletea mwenyewe hapo kituoni, na mkuu wako wa kazi naye apate zake ili asahau lile tembo.

Appukuttan Nair


Mannuthara, 28 Juni 1988

Kaka Appukuttan,

Nimeisoma barua yako mara mbili, nikatoa nakala ya matokeo yangu kwenye faili nikaisoma nayo. Nimeandika okoteni. Wewe umesoma kateni. Maneno hayo hayafanani hata kwa mtu asiye na miwani.

Na jingine. Miezi miwili umeniandikia habari za jirani. Jirani hivi, jirani vile, jirani hasikii. Leo kalamu imekuteleza ukaandika Oppol. Mtu wa kwenu hamwiti jirani Oppol. Oppol ni dada yako mkubwa wa tumbo moja, aliyekubeba kiunoni ulipokuwa hujui kutembea.

Mimi ni Mkristo na nitazikwa nyuma ya kanisa, lakini nimezaliwa nchi hii na najua mwembe wa upande wa kusini katika nyumba zenu unangoja nini. Haukatwi mpaka mwenyewe awe amekufa, amelazwa sebuleni, na hukatwa siku hiyo, kuni zake zimchome. Umekata mwembe wa maiti wa dada yako akiwa hai, anapumua, amekaa ndani anasikia msumeno.

Niandikie uniambie nimekosea. Nangoja barua hiyo.

Aleyamma


Thekkumpadam, 2 Agosti 1988

Mwalimu,

Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima.

Ndiyo, ni dada yangu. Kalyanikutty, mjane, ana miaka sabini na moja. Tulipogawana urithi wa mama yeye alipata nyumba na upande wa kusini, mimi nikapata shamba. Mwembe wa baba tuliukata kwa ajili ya baba, wa mama tukaukata kwa ajili ya mama. Huu aliupanda yeye mwenyewe mwaka alioolewa na alikuwa akiuita "mwenzangu". Sikukuambia kwa sababu nilijua ungenijibu vingine. Unafikiri nimeukata kwa raha? Nilimwomba, akakataa. Nikamwomba tena, akasema nilete neno la mtu msomi. Nikaleta la kwako. Alilisoma mwenyewe, akakunja karatasi, akasema, "Kama amesema msomi, basi." Kisha hakusema na mtu siku tatu.

Na sasa sikiliza vizuri. Karela zangu za Onam zina funza. Zote. Wiki iliyopita nilipasua kumi nikapata moja nzima. Mwembe haupo, embe halipo hata moja kijiji kizima kwa majira haya, na funza ni wengi kuliko mwaka jana. Uliniandikia nzi wa embe ukagonga muhuri. Basi niambie wewe mwenye darubini, nzi wa embe anakula nini pasipo embe? Nimemvunja moyo dada yangu kwa karatasi yako. Nina hasira nawe, na siwezi kuificha wala sitaki.

Appukuttan Nair


Mannuthara, 8 Agosti 1988

Kaka Appukuttan,

Hasira yako nimeipokea na sitaibishia, maana nahofia una haki nayo. Tangu barua yako ifike nimeirudia ile chupa ya mafuta ya nywele. Jina nililotoa ni sahihi: wale ni nzi wa embe, hata nikiamshwa usingizini nitasema hivyo. Lakini kuna swali nililopaswa kukuuliza Mei nikaliacha, kwa uchovu na kwa chupa mia na arobaini, nami naliuliza leo.

Wale thelathini na mmoja uliwakamatia wapi?

Usingoje kunijibu ndipo uanze hili la pili. Chukua karela tano zilizotobolewa, bado zinaning'inia. Zilaze ndani ya chungu chenye mchanga mkavu wa vidole vinne. Funga mdomo wa chungu kwa kitambaa chepesi, weka kivulini, sisimizi wasikifikie. Funza watatoka, watajizika mchangani, watageuka vipunje vya kahawia, na baada ya siku kumi hivi watatoka nzi. Hao ndio wezi wako hasa, wametoka ndani ya tunda lenyewe. Wape siku mbili wakomae rangi, kisha watie kwenye spiriti uwatume.

Ningekuambia hivi tangu Aprili. Nilikuwa nagombana na kiberiti na tembo, nikalisahau la msingi.

Aleyamma


Thekkumpadam, 27 Agosti 1988

Mwalimu,

Chungu nilikiweka siku ileile barua yako ilipofika. Nzi wamo kwenye chupa hii, kumi na tisa. Nimewatazama kwa miwani yangu na nadhani nimeona jambo, lakini sitasema, nangoja wewe.

Kuhusu wale wa kwanza, swali lako limenishangaza. Niliwakamata kwenye mtulasi wa uani, ule mrihani wa ibada, kwani wengine wanakamatwa wapi? Kichanjani nzi ni wepesi, ukinyoosha mkono wamekwenda. Lakini mke wangu akishachuma majani ya mtulasi ya ibada asubuhi, vile vikonyo vilivyokatwa hujaa nzi, wametulia kama waumini, unawaokota mmoja mmoja bila jasho. Nyumba zote hapa ndivyo zilivyo. Hata wale wa kiberiti na wa tembo niliwatoa hapo. Nzi si nzi?

Mke wangu yuko kwa binti yetu aliyejifungua, mpaka mwezi wa kumi. Chakula cha mchana nakula kwa Oppol. Ameanza kusema nami tena. Jana alinipikia Onam yote, kachumbari mpaka payasam, ule uji mtamu wa mwisho, akanihudumia kwenye jani la mgomba kama zamani. Nilikula kwa furaha.

Appukuttan


Mannuthara, 4 Septemba 1988

MATOKEO YA UTAMBUZI. Sampuli namba 263. Kutoka Thekkumpadam, nzi waliotoka ndani ya karela. Kumi na tisa, majike kumi na moja na madume nane. Wote ni nzi wa maboga na karela: michirizi mitatu ya njano mgongoni, mabawa yenye madoa mapana. Nzi wa embe hakuna hata mmoja.

Kaka, najua wewe uliona mchirizi wa tatu kwa miwani yako. Nisome taratibu.

Majani ya mtulasi yana harufu inayomlevya dume wa nzi wa embe. Dume tu, na wa embe tu. Huja kutoka mbali, akatulia pale kama mtu aliyepata alichotafuta. Nzi anayetoboa karela harufu hiyo hana habari nayo. Ungekaa kwenye mtulasi mwaka mzima usingemkamata hata mmoja. Ulinitumia nzi wa uani kwako wasiowahi kugusa karela, nami nikawapa jina lao la kweli, na jina hilo la kweli likaangusha mti. Mwembe wa dada yako haukuwa na kosa.

Haya nayajua tangu chuoni. Kwetu mbele ya mlango hakuna mtulasi, kuna msalaba na chungu cha waridi, na mimi nilipoona "zao la karela" nikaona kichanja kichwani. Madume thelathini na mmoja bila jike, nimeandika kwa mkono wangu, na sikushtuka. Hilo sijisamehei.

Kuhusu karela: zivike vifuko vya karatasi zikiwa ndogo kama kidole gumba, na zilizooza zichome, usizitupe pembeni. Nakala ya matokeo haya inakwenda kwa bwana shamba wenu, itasomwa kwenye mkutano wa wakulima tarehe ishirini na nne. Ni utaratibu, siwezi kuuzuia. Mwambie dada yako kabla hajasikia huko.

Aleyamma Ittoop


Thekkumpadam, 9 Septemba 1988

Mwalimu,

Sijawahi kumwomba mtu kitu hivi, hata nilipokuwa mlinzi sikuomba likizo. Naomba ubadilishe karatasi ile. Sisemi uongo mkubwa. Andika tu kwamba ndani ya karela wametoka wa aina zote mbili, wa maboga wengi na wa embe wachache. Wachache tu, Mwalimu, hata wawili. Nani atawahesabu? Karela zimeshaoza, mwembe umeshaanguka, hakuna kinachobadilika isipokuwa usingizi wa mwanamke mzee.

Barua yako ilifika juzi mchana nikiwa natoka kula kwake. Nikaisoma njiani nikaitia mfukoni. Jana nilikwenda tena nikala. Leo nimekwenda tena. Aliniuliza mbona sili sana, nikasema joto. Kila nikifungua mdomo naona dirisha lile la kusini. Siku hizi ameshalifungua, na nje yake sasa ni mwanga mtupu.

Sina uwezo wa kumwambia. Nisaidie.

Appukuttan


Mannuthara, 14 Septemba 1988

Kaka,

Sitaandika nzi ambao hawapo. Hata wawili, hata mmoja. Mwaka huu nimekosea kwa kuandika ukweli bila kuuliza. Sitakosea tena kwa kuandika uongo baada ya kujua.

Nimekasirika nawe, nimejikasirikia mimi, nimekaa na barua yako siku nzima bila kugusa chupa. Unasema nikusaidie. Msaada nilio nao ni huu: lawama nichukue mimi. Mwambie msomi alikosea. Mwambie mwanamke wa Mannuthara hakuuliza swali ambalo mtoto angeuliza. Mimi mwenyewe namwandikia leo kumwomba radhi, lakini barua yangu nitaiweka posta tarehe ishirini na mbili, ili wewe ufike kwanza. Umebakiwa na siku tisa, na nyumba yake iko hatua mia moja kutoka kwako.

Aleyamma


Thekkumpadam, 2 Oktoba 1988

Kwa Aleyamma Ittoop,

Mwanangu,

Mimi ni Kalyanikutty, Oppol wa Appukuttan. Barua yako ya kuomba radhi nimeipata na nimeisoma bila kusomewa. Una mwandiko mzuri. Radhi nimekupa, lakini neno langu moja utalisikia, kwa kuwa umejiita mwanangu kwenye barua: madume thelathini na mmoja, na wewe mwanamke, hukuuliza wake zao wako wapi? Mimi niliyeishia darasa la nne ningeuliza. Basi, limekwisha.

Alikuja tarehe ishirini na tatu, jioni, kesho yake ndiyo mkutano. Hakukaa kwenye kiti. Alikaa kwenye ngazi kama alivyokuwa akikaa akivunja kitu utotoni, akaniambia yote, mtulasi, chungu, michirizi, barua aliyokuomba uibadilishe. Hata hiyo aliniambia. Nikamuuliza amejua tangu lini. Akasema tangu tarehe saba. Nikahesabu. Siku kumi na sita amekula chakula changu cha mchana akiwa na karatasi ile mfukoni.

Nataka uelewe, maana yeye haelewi. Mti niliutoa mimi. Alipoleta karatasi yenye muhuri nilisema basi, na neno langu halikutolewa na nzi wala na wewe. Nililia siku tatu, nikanyamaza, nikasema kama mwenzangu ameondoka ili ndugu yangu asirudi kulinda magunia, ameondoka kwa jambo la maana. Angekuja tarehe saba akaniambia haukuwa na kosa, ningelia tena siku tatu nikanyamaza. Mti ningemsamehe. Ni vile vyakula kumi na sita vinavyonikwama mpaka leo.

Mkutanoni karatasi yako ilisomwa, watu wakamtazama yeye, yeye akatazama miguu yake. Nilisimama nikawaambia kwamba hilo ni la nyumba yetu na waendelee na habari za mbolea. Wakaendelea.

Sasa nikuambie la kuni. Zile alizonipangia chini ya paa, tangu Juni nilikuwa nazipita asubuhi nikienda kisimani na jioni nikirudi. Wewe hujui ilivyo kuupita moto wako mwenyewe mara mbili kwa siku, umepasuliwa, umepangwa, umefunikwa makuti, unakungoja. Miezi mitatu sikuzigusa. Siku iliyofuata mkutano nilitoa makuti nikatoa kuni sita nikapikia. Zimekauka, zinawaka vizuri, hazina moshi. Nimezipikia kila siku tangu hapo.

Juzi amekuja mchana, nikampakulia wali na karela chache zilizopona. Alipokuwa ananawa aliona kuni jikoni akazitambua, amezipasua yeye. Akasimama na mikono inadondoka maji. Akasema, "Oppol, hizi ni zako." Nikamwambia, "Ni zangu, ndiyo maana nazipikia. Kaa ule." Akasema haziwezi kupikiwa, ni za siku ile, zitakwisha, siku ile itakuwaje. Nikamwambia siku ile mimi nitakuwa nimelala, sitakuwa na shida yoyote, mwenye shida atakuwa yeye; atazunguka kijiji kizima kubisha mlango kwa mlango akiomba mwembe wa mtu amchomee dada yake, na kila mlango atalazimika kusema kwa kinywa chake kwa nini dada yake hana wake.

Akakaa. Alikula mpaka chembe ya mwisho, analia, na mimi nikamwongeza.

Kalyanikutty Amma